Sonona si ugonjwa wa wazungu: nilichorudi nacho Ujiji kutoka Ghuba

Binti Ujiji (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum, na kwa ndugu zangu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Uzi huu ni mrefu, mtanisamehe. Nimeuandika usiku wa siku nne, watoto wa dada wakishalala, na mara mbili nimeufuta wote. Leo naubandika kama ulivyo.

Wiki iliyopita tulikuwa msibani hapa Ujiji, upande wa Kasingirima. Wanawake tuko uani tunachambua mchele, wanaume wako chini ya turubai, na maneno yao yanatufikia. Wakawa wanamzungumza kijana wa mtaa ule aliyejifungia ndani, mwezi wa pili huu, haongei, hali mpaka alazimishwe. Mmoja akasema huenda ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kaisikia redioni. Mzee mmoja akamkata: "Sonona ni ugonjwa wa wazungu. Mtu mweusi ana shida, hana sonona. Na mwenye imani hawezi kupata kitu kama hicho." Turubai zima likaitikia. Uani tukaitikia. Na mimi nikaitikia, huku kwenye pochi yangu mna vidonge ninavyomeza kila usiku tangu mwaka 2020.

Aibu ya kuitikia kule ndiyo imeniketisha kuandika.

Baba yangu ni Mmanyema, mama ni Muha wa Kasulu. Mwaka 2017 nilikwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, nikakaa miaka miwili na miezi minne. Nchi siitaji, na nyumba siitaji. Chakula nilipewa. Mshahara ulichelewa lakini ulikuja. Sikupigwa. Nayasema haya kwa sababu nikisema niliugua, watu hungoja kusikia kipigo, na kisipokuwepo wanaona sina haki ya kuugua.

Palikuwa na mtoto wa miaka sita. Mimi ndiye niliyemwogesha, niliyemlisha, niliyelala chini ya kitanda chake akiwa na homa. Siku moja wageni wamejaa sebuleni, akanyoosha kidole akaniita "abda". Mama yake akacheka, wageni wakacheka, mmoja akamkonyeza. Abda ni mtumwa wa kike. Sikuhitaji kutafsiriwa, nimesoma madrasa tangu nina miaka mitano.

Usiku ule nililala na neno lile. Baba yangu mdogo anaitwa Abdallah, mja wa Mwenyezi Mungu, na ni jina la heshima kuliko yote. Tunasema kuabudu. Tunasema ibada. Yote yametoka kwenye mzizi uleule. Kwa hiyo neno ninalolitumia kumwendea Mola wangu mara tano kwa siku ndilo alilotumia yule mtoto kunionyesha mahali pangu. Kuanzia hapo, nikisimama kuswali, midomo inasoma na ndani kumekufa ganzi. Nikifika kwenye kusujudu nasikia kicheko cha sebuleni. Hilo sikumwambia mtu yeyote kwa miaka. Ungemwambia nani? Utaanzia wapi kueleza kwamba sijda inakuumiza?

Nikarudi mwaka 2019. Kituo cha treni Kigoma ndugu wamejaa, vigelegele, na neno la kwanza la shangazi yangu lilikuwa: "Mwenetu, umetakata!" Nilikuwa nimefifia kwa kukaa ndani miaka miwili bila jua. Kutakata. Hebu lisikilizeni neno hilo. Nguo chafu ikifuliwa inatakata. Kwa hiyo kabla sijaondoka nilikuwa na uchafu gani? Mwezi haujaisha, jirani akaniletea kopo la mkorogo nisije "nikarudi nyuma". Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, kila mtu anajua, na kila mtu anajua pa kuvipata. Shangazi yangu ananipenda, na angenipa figo yake. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye nyumba iliyoniita mtumwa kwa rangi yangu, nikaingia kwenye nyumba inayonipongeza kwa kuipunguza.

Nikaanguka. Kichwani moto, kama mtu kaniwekea kaa la jiko utosini. Usingizi ukakatika, nikiupata ni wa mchana. Mgebuka, samaki wa ziwa letu, niliokuwa nauota kule Ghuba, ule wa kuchoma unaochuruzika mawese, ukawekwa mbele yangu nikauona kama mti. Nikaacha kuoga. Nilitibiwa malaria mara tatu, taifodi mara moja, vidonda vya tumbo mara moja.

Kisha wakanipeleka kusomewa. Naomba hapa nisomwe vizuri, kwa sababu najua watakaoruka juu. Sikidharau kisomo. Ustadhi aliyenisomea alikuwa na sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka mabega yanashuka. Kombe nimekunywa, maji ya zafarani na aya za Mola, na niliyanywa kwa moyo mmoja. Kilichoniumiza kilikuja baadaye, nilipokuwa sijapona baada ya wiki sita, mtu mwingine kabisa aliposema mbele ya baba yangu kwamba dawa imegoma kwa sababu imani ya mgonjwa ni ndogo. Baba aliinamisha uso. Tangu siku hiyo nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba nikilala nisiamke. Nililiomba hilo kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa wudhu.

Aliyenitoa pale ni bibi yangu, mzaa baba. Hakuniuliza lolote. Alikuja na mkeka wake, akautandika chini ya mwembe wa nyuma ya nyumba, akaketi, akaninyamazia. Siku ya tatu au ya nne ndipo akaanza kunisimulia habari za bibi yake yeye.

Mama yule aliletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Hakuna aliyejua kijiji chao. Katika ukoo wetu jambo hili halikuwa linasemwa. Ukiuliza utaambiwa "sisi ni waungwana", yaani watu huru, na mazungumzo yameisha. Baadaye nilielewa kwamba Ujiji nzima ilikuwa hivyo, na Kongo ya mashariki hali kadhalika, mpaka Kiswahili cha kule kikaitwa Kingwana. Si Wamanyema wote waliofika hapa kwa minyororo. Wapo waliokuja kama wapagazi, askari na wafuasi wa misafara. Ila waliokuja kwa minyororo walijiita waungwana kwa nguvu zaidi kuliko wote, na hilo silicheki, ndiyo sitara waliyokuwa nayo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara, sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922. Bibi ya bibi yangu alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu siku aliyotangazwa huru.

Bibi akaniambia: kila jioni baada ya alasiri, yule mama alikuwa anaketi kwenye mkeka akilielekea ziwa, na watoto walikatazwa kumsemesha. Nyumbani iliitwa "saa ya bibi". Mpaka magharibi. Siku nyingine machozi yanatoka, uso hautikisiki. Kisha anainuka, anatawadha, anaswali, anasonga ugali. Miaka yote.

"Wewe ulidhani alikuwa anapunga upepo?" bibi akaniuliza. "Jina la kitu kile hatukuwa nalo. Tulimwachia mkeka."

Bibi ndiye aliyesema twende hospitali. Nesi wa kliniki ya afya ya akili akaniuliza maswali tisa, nikayajibu nikitazama sakafu. Dawa zilichukua karibu wiki tano kabla sijaona tofauti. Kitu cha kwanza kurudi kilikuwa ladha ya chumvi.

Nilipopata nguvu nikaanza kusoma kwa simu, nikitafuta ni nani aliyetuambia mtu mweusi hana sonona. Nikampata. Nairobi palikuwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari enzi za ukoloni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba sonona ni adimu kwetu, na sababu aliyoitoa haikuwa uimara wa imani wala ujamaa wetu. Alisema Mwafrika hatumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa nyuzi za sehemu hiyo. Maana yake, hatuhuzuniki sana kwa kuwa hatuna cha kuhuzunikia nacho.

Nikarudi nyuma zaidi. Marekani, mwaka 1851, daktari Samuel Cartwright wa Louisiana aliwatangazia madaktari wenzake ugonjwa alioupa jina drapetomania, ugonjwa wa akili unaomfanya mtumwa atoroke. Ukitoroka u mgonjwa. Ukilia huwezi kuwa mgonjwa, maana kulia kwenyewe huna uwezo nako. Hapo ndipo yule mzee wa turubaini alipolichukua lile neno, bila kujua, akalileta msibani kama fahari yetu.

Na dini? Nabii Yakub, Qur'ani inasema macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya mwanawe. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, mwaka aliofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib tunauita Mwaka wa Huzuni. Alitufundisha dua ya kujikinga na wahaka na huzuni, na mtu hafundishwi kujikinga na kisichoweza kumpata. Kisha Bilal. Mweusi, Mhabeshi kwa asili, mtumwa aliyewekewa jiwe kifuani juani akasema "Ahad, Ahad". Mtume alipofariki, wanasimulia kwamba Bilal alijaribu kuadhini, akifika kwenye jina la Muhammad sauti inakatika kwa kilio, mpaka akaomba asiadhini tena Madina, akaondoka kwenda Sham, upande wa Syria. Mwadhini wa kwanza wa Uislamu alishindwa kuadhini kwa huzuni. Nani atasimama aseme imani ya Bilal ilikuwa ndogo?

Tangu niisikie hiyo kwa masikio mapya, sijda imeanza kunirudia. Si yote. Ipo siku ipo, siku haipo.

Swali langu kwenu ni moja. Kwenu, wazee walikiitaje kitu hiki? Na walimfanyia nini mwenye nacho?

---

Mzee wa Mwandiga

Binti, pole kwa yaliyokupata, na nimekusoma mpaka mwisho. Lakini sitakuficha, siungi mkono. Sisi mwaka 1972, Operesheni Kigoma, tulihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa na mizigo kichwani. Watu waliacha nyumba, migomba na makaburi ya wazee wao. Hakuna aliyesema ana sonona. Tulilima. Vijana wa sasa mnasoma simu mnajitafutia magonjwa. Ukimweka mtu mweusi ajione mgonjwa, umemmaliza.

Binti Ujiji

Shikamoo baba. Nashukuru umesoma yote. Naomba nikuulize kitu kimoja bila ubishi. Katika mliohama pamoja, hakuna aliyenyamaza?

Mnyanyembe

Dada, salamu kutoka Tabora. Mengi nakubaliana nawe, moja hapana. Ukizungumzia weusi wetu unaanzia kwenye mnyororo, na huo ndio mtego wenyewe. Barabara hiyohiyo ya Ujiji kwenda Bagamoyo, kilomita kama 1,200, sehemu kubwa ya waliobeba mizigo walikuwa Wanyamwezi huru. Walikuwa wanakubaliana ujira, wanagoma msafara ukiwadhulumu, na upagazi ulikuwa ndio alama ya kijana kuwa mwanamume. Babu yangu alikuwa akisimulia safari za pwani kama mtu anayesimulia hija. Mtemi Mirambo alizifunga na kuzifungua njia hizo atakavyo mpaka alipofariki mwaka 1884. Mimi mtoto wangu namfundisha hayo kwanza, habari ya minyororo atakutana nayo mwenyewe. Ukimwambia mtoto asili yako ni kuonewa, utashangaaje akiinama?

Binti Ujiji

Mnyanyembe, nimekaa na maneno yako tangu asubuhi. Una haki, na mimi ningependa sana kuwa na babu wa safari ya pwani. Wangu alikuwa mtoto wa mgongoni. Siwezi kuazima ya kwako. Ila hujanielewa sehemu moja. Mimi huyu mama wa mkeka sijamleta hapa kama mtu aliyeinama. Alisonga ugali miaka sitini kwa watoto ambao kwao hakuulizwa kama anataka kuja. Nikimtaja mwanangu atamjua hivyo, na machozi yake humo humo.

Mnyanyembe

Hapo nimekupata.

Nesi wa Zamu

Nafanya kazi kwenye kliniki kama hiyo, mkoa huuhuu, siwezi kusema wapi. Naongeza ya kazini tu.

Wengi hawaji wakisema "nina huzuni". Wanakuja na kichwa kinachowaka, moyo kwenda mbio, mgongo, vijidudu vinavyotembea kichwani, ganzi. Wanasema "nawaza sana". Ukiwapima kila kitu kinaonekana salama, wanarudishwa nyumbani, na mwezi ujao wako hapohapo. Tunachouliza ni wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, nguvu za mwili, kujilaumu, kukosa raha kwenye yale uliyoyapenda, na kama mtu ana mawazo ya kutaka kufa. Hilo la mwisho tunaliuliza waziwazi. Kumuuliza mtu hakumwingizii wazo hilo, kunampa nafasi ya kulitua.

Dawa hazifanyi kazi kwa siku tatu, na watu wengi huacha wiki ya pili wakisema zimeshindwa. Na ukipata nafuu usikatishe ghafla, zungumza na aliyekuandikia.

Kuhusu dini, mimi ni Msabato, na sijawahi kumwambia mgonjwa aache kuombewa. Namwomba anayemwombea asimwambie aache dawa. Kuna daktari wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, mwaka 1954 huko Aro, Abeokuta, aliwaweka wagonjwa vijijini jirani na hospitali, wakakaa na ndugu zao, na waganga wa jadi akawashirikisha. Mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha yule Carothers. Baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika hilohilo la Afya Duniani.

Na Binti, ule mkeka wa bibi yako una ndugu yake Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Kishona wanauita ugonjwa huo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti wao wa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi wale walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Mwana wa Karema

Mimi ni Mkatoliki, nimezaliwa Karema, kusini huko kwenye ziwa hilihili. Binti, umetaja daktari wa Louisiana na daktari wa Nairobi, naomba na mimi nimtaje wa kwetu. Adrian Atiman. Aliibwa akiwa mtoto kule karibu na Timbuktu, akauzwa kuvuka jangwa, wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe wakamkomboa Aljeria, wakamsomesha udaktari Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akaletwa Karema, akatibu watu pale hadi uzee wake, akafariki mwaka 1956. Bibi yangu alizalishwa zikiwa zamu zake.

Sasa hesabu. Mwaka 1953, Carothers anachapisha kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu, mzee Atiman yuko hai Karema, mtumwa wa zamani, daktari, karibu miaka sitini na tano ya kutibu nyuma yake. Wote wawili walikuwa Afrika Mashariki. Mmoja aliulizwa na dunia nzima, mwingine hakuulizwa.

Kwetu Biblia nayo iko wazi. Eliya, ametoka kuuona moto ukishuka mbinguni, anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu, anamwambia Mungu yatosha, uniondoe roho yangu. Malaika hakumkemea imani ndogo. Alimwekea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Nimehubiriwa miaka arobaini, sehemu ya moto nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sehemu ya mkate, mara mbili.

Mama Buzebazeba

Swali la mwanzo halijajibiwa. Kwetu walisema "fulani amekaliwa na ukimya". Alikuwa anapelekwa kwa dada yake wa kike mkubwa kukaa, hapewi kazi nzito, anapewa mtoto mchanga wa kubeba. Mama yangu alikaliwa nao baada ya kuzika pacha. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto mchanga wa kubebwa, si wake, wa mdogo wake. Ndiyo maana mpaka leo namwita mama.

Mzee wa Mwandiga

Narudi. Nimechukua siku mbili.

Binti uliuliza kama hakuna aliyenyamaza. Kaka yangu mkubwa. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, ya kwanza kwenye kilima kile, na alikuwa na kahawa imeanza kuzaa. Tulipofika kijiji kipya alijenga kibanda kama watu wote, akalima kama watu wote. Hakusema. Mke wake anaongea, yeye anaitikia kwa kichwa. Tukasema ana kiburi. Kanisani akaondolewa uzee wa kanisa kwa sababu haombi kwa sauti. Aliishi hivyo miaka kumi na moja, na mimi nilikuwa nikipita mlangoni kwake siingii, nimekasirika naye kwa kile kiburi.

Nilipoandika kwamba hakuna aliyesema ana sonona, nilikuwa nasema kweli. Hakusema.

Binti Ujiji

Baba, marahaba yako nimeipokea hata kabla hujaitoa. Mungu amrehemu kaka yako. Alikuwa anaitwa mzee wa kanisa, basi mimi leo kwenye sala yangu nitamtaja kwa cheo hicho.

Kibirizi Usiku

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Kazi yetu ni giza, taa majini, alfajiri tunaanika, mchana tunalala. Mbalamwezi ikiwa kubwa hatuingii ziwani, watu wanapumzika. Mimi huu ni mwezi wa nne silali, giza wala mbalamwezi. Mdogo wangu alizama mbele ya macho yangu kwenye dhoruba ya mwaka jana. Wenzangu wananiambia mtu mweusi haogopi maji, kaza. Mchungaji ameniambia nifunge siku saba, nimefunga. Siku hizi nikiwa katikati ya ziwa naangalia maji muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Sijui kwa nini nayaandika haya.

Nesi wa Zamu

Umefanya vizuri kuyaandika, na nimekusoma. Nakuuliza waziwazi: unafikiria kujiua? Jibu hapa au faragha, utakavyo. Leo usiingie ziwani. Mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe sasa hivi akae nawe usiku huu, huna haja ya kumweleza yote, mwambie tu hutaki kubaki peke yako. Nimekutumia faragha namba yangu ya kazini, piga hata saa nane ya usiku. Kesho asubuhi uje.

Kibirizi Usiku

Ndiyo. Jibu ni ndiyo. Nimemwambia nahodha wangu, amekaa hapa, anakunywa chai, haulizi kitu.

Mzee wa Mwandiga

Mwanangu, huyo nahodha mpe simu nimshukuru. Mimi ni mzee, silali usiku kwa umri, nipo humu mpaka kuche. Andika chochote, hata habari za nyavu.

Binti Ujiji

Ndugu yangu wa Kibirizi, kesho saa mbili nitakuwa pale nje ya kliniki. Bibi amesikia nikimsomea dada uzi huu, ameng'ang'ania na yeye aje.

Kibirizi Usiku

Nimefika. Nahodha kanileta na pikipiki yake. Nipo upande wa bomba la maji, shati la bluu. Naona watu wengi, sijui ni nani kati yenu.

Binti Ujiji

Nakuona. Mwenye mkeka kwapani ndiye bibi. Anakuja huko.